Ubeti wa Kumi na Nne

Gazi, Kaunti ya Kwale
12 Januari 2025

Kwa Hasina binti Salim,
Perth, Australia

Mpwa wangu,

MINTARAFU: KUFUFUA SENGENYA YA MWANDIMU ILI ITUMIKE KUWA USHAHIDI, NA OMBI LA SHAURI LAKO

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mjomba wako, Abdulwahab Mwatsuma, ninaandika waraka huu kwa madhumuni mawili: kukupa habari za nyumbani, na kukutaka shauri katika jambo lililotajwa hapo juu.

Habari za nyumbani ni njema. Mama yako Kadzo ni mzima isipokuwa goti la kushoto, na bado anauza mahamri asubuhi nje ya skuli. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama umekuja kununua au kumsimamia pumzi zake. Bati la jikoni limekwisha kuezekwa. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu simu umeiona mwenyewe: mtu huuliza jambo zito, akajibiwa kwa picha ya kidole.

Sasa madhumuni. Unafahamu kwamba ardhi ya Mwandimu, walikozikwa mama zetu, ilitwaliwa na kampuni ya mashamba mwaka 1975 kwa mkataba wa miaka hamsini, na nyumba arobaini na tatu zikahamishwa. Mkataba huo unakwisha Disemba mwaka huu, na kampuni imeomba uongezwe. Iko Kamati ya Malalamiko ya Ardhi itakayosikiliza pande zote mbili. Kampuni inadai kwamba wazee wetu waliridhia, ila karatasi ya ridhaa hiyo haijaonekana, wasema iliungua. Sisi nasi hatuna hati, kwa kuwa babu zetu hawakuona haja ya kuandika mahali walipolala.

Mwaka jana ulinieleza kwamba huko uliko, wenyeji asilia wa nchi hiyo walicheza ngoma zao mbele ya jaji, na jaji akazipokea kuwa ushahidi wa ardhi. Neno hilo nimelitafakari miezi saba. Nikakumbuka kwamba sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, ina wimbo unaoitaja Mwandimu yote, visima, miti na makaburi, kutoka mpaka hadi mpaka. Haijachezwa tangu mwaka 1989. Nilimwendea Suleiman, mpiga nzumari, ambaye siku hizi ni bawabu wa hoteli moja ya Diani. Akanijibu, "Bwana Abdulwahab, nzumari yangu imekaa darini hata panya wameichoka." Lakini alikuja nayo. Hivi sasa tuko watu kumi na tisa, na twafanya mazoezi kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mwimbishaji ni mama yako, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyebaki na wimbo mzima kichwani.

Shauri ninalotaka ni hili. Wimbo una beti kumi na nne. Kumi na tatu zataja ardhi. Ule wa kumi na nne aliutia mama yako mwaka 1983, alipoolewa na baba yako. Wewe umezaliwa ngoma zimekwisha kulala, kwa hiyo nakueleza: bibi harusi aliyeolewa kijiji kingine alipaswa, katika ngoma yake ya kwanza, kuwakejeli watu wa kwao mbele ya watu wa mumewe. Na ilikuwa ni sharti kejeli hiyo iwe ya uongo. Kosa la kweli hupelekwa kwa wazee. Mwenye kuliimba ngomani hutozwa mbuzi. Mama yako aliimba hivi:

Twahiri katia dole, kapewa baiskeli,
Kapanda ana shamba, kashuka hana mahali.

Twahir alikuwa mjomba wetu, mimi na mama yako, na mkubwa wa ukoo wetu wa upande wa kina mama, ambao kwa ada za Kidigo ndio wenye ardhi. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Marehemu mwenyewe alivua kofia yake akamvika mama yako.

Mimi naona ubeti huo haulingani na heshima ya Kamati, na ninakusudia kuuondoa. Nasubiri maoni yako kabla ya kuandika nakala ya mwisho.

Wako katika kutafuta haki,
Mjomba Abdulwahab


Perth
9 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imekunjwa vizuri kama nguo ya Idi. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya kuwahudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Joto la hapa ni kavu, linakausha midomo, na sijazoea. Salim mdogo wa binamu Asiya amezaliwa? Mama aliniambia lakini hakunitajia siku.

Mjomba, niruhusu nikubishie kidogo. Usiuondoe ubeti hata mmoja.

Hapa ninapofanya kazi yuko bibi mmoja, mwenyeji asilia, ambaye alikuwa miongoni mwa wale waliocheza mbele ya jaji. Walicheza kwenye mchanga, miguu mitupu, na jaji ameketi kwenye kiti cha kukunja huku nzi wakimsumbua. Bibi huyu ameniambia, "Hatukumwonyesha ngoma. Tulimwonyesha hati." Jumamosi zote mimi na wenzangu wa chama cha wajamaa tunasimama pamoja na watu wake, tunashika mabango, tunadai warudishiwe chao. Nimejifunza jambo moja katika mapambano haya: anayenyang'anywa ardhi huanza kunyang'anywa sauti. Wakubwa hutaka tuwaletee utamaduni uliochambuliwa, msafi, wa kuwafurahisha watalii. Tukianza kujikata wenyewe, tunawafanyia kazi yao bure.

Ule ni ubeti wa mama yangu. Aliutunga akiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya wanaume. Mwache auimbe. Peleka wimbo mzima, kumi na nne, uandike na jina lake.

Nimekutumia vipeperushi vya chama uvisome. Najua utanuna ukiona neno "mabepari", lakini visome.

Mwanao,
Hasina


Gazi
20 Aprili 2025

Mpwa wangu,

MINTARAFU: TAARIFA YA UKAGUZI WA ARDHI YA MWANDIMU

Assalaam alaykum. Idi tumeila salama. Asiya amejifungua mtoto wa kiume tarehe 3 Februari, naye amepewa jina la Salim kama ulivyokwisha kusikia. Mama yako alipika biriani ya watu thelathini, wakaja hamsini. Vipeperushi nimevisoma. Hoja zake ni sahihi, ila lugha yake inapiga kelele. Katika ombi letu nimeandika "wenye kunufaika isivyo halali".

Sasa taarifa. Tarehe 10 mwezi huu Kamati ilifika Mwandimu. Mwenyekiti wake ni mama wa makamo kutoka bara, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliyekuja nasi ni wakili wetu Jemima, kijana anayetutetea kwa kujitolea. Meneja wa kampuni alitufungulia lango akasema tuna saa moja.

Mama yako alisimama mbele, amejifunga leso mbili kiunoni, goti lake halionekani kuwa na shida yoyote. Suleiman akapuliza, upatu ukaitikia, ngoma zikaingia. Mama yako akaimba ubeti wa kwanza, mawe mawili ya mpakani. Tukatembea, tukayakuta. Ubeti wa pili, makaburi ya kina bibi. Tukayakuta ndani ya minazi ya kampuni, yamezungukwa na maganda. Mwenyekiti alikuwa na karatasi, akiweka alama kila tulipofika.

Ubeti wa tano unataja kisima kilicho chini ya mkwaju. Wimbo ukatufikisha kwenye ghala la mbolea. Meneja akacheka.

"Hapa hapajawahi kuwa na kisima, mama. Mimi niko hapa miaka kumi na sita."

Mama yako akamjibu, "Mwanangu, sogeza magunia."

"Magunia yana kazi."

"Basi nitakaa juu yake niendelee kuimba, na sauti yangu mwaiona si nzuri kwa karibu."

Watu wakaangua kicheko, hata askari wa lango. Mwenyekiti akaamuru magunia yasogezwe. Chini kulikuwa na kifuniko cha saruji. Walipokifunua kwa mtaimbo, Mwenyekiti mwenyewe aliokota kijiwe akakitupa ndani. Kisha tukasikia maji.

Mpwa wangu, mimi nimeandika maombi kwa serikali tangu mwaka 1994. Nimeandika barua sitini na moja na nimejibiwa nne. Sijawahi kusikia jibu lililo wazi kama lile. Suleiman alipuliza nzumari bila kuambiwa na mtu, huku analia.

Mwishoni wakili wa kampuni aliniomba, kwa adabu kamili, nakala ya wimbo mzima. Nilimpa palepale. Nimefuata shauri lako: beti kumi na nne, kwa mwandiko wangu, jina la mama yako chini, na muhuri wa kikundi. Jemima alikuwa ameniuliza njiani, "Mzee, hii ya kumi na nne ni ya nini?" Nikamwambia ni mzaha. Akasema, "Mzaha nao hupigwa muhuri?" Nikamjibu kwamba kazi isiyokamilika haina heshima. Kikao kijacho ni tarehe 17 Juni.

Wako mwenye matumaini,
Mjomba Abdulwahab


Perth
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya wenzangu, nikiifasiri, na nilipofika kwenye kijiwe kilichotupwa kisimani, mtu mzima mmoja mwenye ndevu nyeupe, mjamaa wa tangu ujana wake, alitoka nje akasimama barazani. Siku ya wafanyakazi tuliandamana, na nikawafundisha hatua za sengenya, zile chache ninazozijua. Walizicheza vibaya sana. Mama angefurahi kuwacheka.

Yule bibi wangu amelazwa kwa kifua, kwa hiyo sijamweleza bado.

Jambo moja, mjomba. Jumapili nilimpigia mama. Nilikuwa nampongeza, tunacheka, nikamwambia, "Na ubeti wako wa baiskeli uko kwenye faili ya serikali, una muhuri." Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, "Mama? Mama?" Akaniuliza, "Wameupeleka kwa nani?" Nikamwambia kwa Kamati na kwa kampuni. Akaniuliza kama huku baridi imeanza.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Je, ni goti?

Hasina


Gazi
29 Juni 2025

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mvua zimechelewa kukatika na njia ya kwenda Msambweni ina matope. Mtoto Salim ameota jino.

Kikao cha tarehe 17 kilifanyika kama kilivyopangwa. Imetokea hitilafu ya kisheria ambayo wakili Jemima anaishughulikia. Mazoezi ya ngoma yamesitishwa kwa muda. Ngoma zimehifadhiwa nyumbani kwangu, mahali pakavu.

Mama yako anapumzika. Simu yake iliingia maji.

Nitakuandikia kwa kirefu hali itakapokuwa imetulia.

Mjomba Abdulwahab


Perth
3 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Tangu uliponipigia simu siku ya mazishi, najaribu kukuandikia na sipati pa kuanzia. Ulisema maneno matano: "Kadzo ametangulia mbele ya haki." Kisha ukampa simu Asiya. Asiya akasema ni presha, kwamba aliondoka kwenye mkeka wake Jumamosi kabla ya adhuhuri, na kwamba amezikwa Gazi. Kwa nini Gazi? Kwani hakuwa akisema siku zote alazwe Mwandimu, tutakapoipata?

Sikuweza kuja. Maombi yangu ya ukaazi bado hayajajibiwa, na nikitoka nchini kabla ya jibu sitaruhusiwa kurudi. Nilikaa jikoni nimeshika pasipoti mpaka ikalowa jasho. Nikaenda kazini, nikamwogesha mama wa mtu mwingine.

Suleiman amenitumia ujumbe wa sauti. Hakueleza mengi. Alisema tu, "Wamemwita Mama Baiskeli mpaka alipoacha kutoka nje." Nani hao? Kwa nini? Mjomba, wewe ulikuwa wapi?

Sina budi kukuambia na hili. Yule bibi amerudi kutoka hospitalini. Nikamweleza yote: wimbo, kisima, beti kumi na nne zenye muhuri. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mlimpa yote?" Nikamwambia ndiyo, yote. Akasema wao hawakumchezea jaji yote. Ziko nyimbo walizozibakiza, na zipo hata leo, na jaji hajui kwamba zipo. Nikamwuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Hukuniuliza."

Mimi ndiye niliyekuambia usikate. Nilisema kwa ujasiri, nikiwa mbali, kwa maneno niliyoyazoea kwenye mabango.

Nieleze yaliyotokea. Usiniandikie kama unaiandikia ofisi.

Hasina


Gazi
7 Septemba 2025

Kwa Hasina binti Salim, mtoto wa pekee wa marehemu Kadzo,

MINTARAFU: MAELEZO KAMILI, NA KIAPO KILICHOAMBATISHWA

Assalaam alaykum. Umenitaka nisikuandikie kama ninavyoiandikia ofisi. Nimejaribu mara tatu na nimechana karatasi tatu. Mimi sina lugha nyingine ya kusimamia, mpwa wangu. Nivumilie.

Tarehe 17 Juni wakili wa kampuni alisimama akazisoma beti kumi na tatu kwa utaratibu, akasema, "Hizi tunazikubali. Kamati imethibitisha kwa macho kwamba wimbo huu husema kweli." Watu wetu walipiga makofi. Mimi nami nilipiga. Kisha akasoma ubeti wa kumi na nne, akasema, "Na huu ni wimbo uleule, wa mwimbaji yuleyule, kwa muhuri uleule. Mkubwa wa ukoo alitia dole gumba akapokea malipo. Ridhaa tuliyoipoteza, wao wenyewe wametuletea."

Mwenyekiti akamgeukia mama yako. "Bi Kadzo, haya nayo ni ya kweli?"

Mama yako aliitazama mikono yake.

Hapo nilisimama bila kuruhusiwa. Nikaeleza sharti la ngoma, kwamba kejeli ya bibi harusi ni lazima iwe ya uongo. Nikasema, "Kadzo, waambie ulisema uongo." Akanitazama. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya nyumba zote arobaini na tatu: "Wewe ni mwongo kwa mujibu wa ada. Waambie!" Akasema, "Abdu, wewe ulikuwa Mkwiro." Akaketi. Mwenyekiti akaahirisha kikao, akatoa nafasi ya kiapo kutoka kwa mwimbaji au mrithi wake.

Ni kweli nilikuwa Mkwiro mwaka 1974, chuoni, nikisoma Qur'ani kwa baba yetu mdogo. Wakati ule sikuelewa kwa nini alinikumbusha.

Kuanzia siku ile mambo yaliharibika. Wanawake wa kikundi walipompitia asubuhi walimwambia, "Mama Baiskeli, tupakie basi twende sokoni." Wengine walinunua mahamri kwa wauzaji wengine. Watoto wa skuli walipiga kengele kwa midomo. Mimi nilisikia na sikumkataza mtu. Kwa siku kumi na nane sikukanyaga nyumbani kwake. Simu yake haikuingia maji. Aliizima, na mimi nilikuandikia jambo lisilo kweli.

Tarehe 5 Julai nilimwendea na kiapo nilichokwisha kukiandika, ili atie sahihi kwamba alisema uongo. Alikuwa ameketi jikoni, hajawasha moto. Nitakunukulia aliyoniambia kama alivyoyasema.

"Nilikuwa na miaka kumi. Mjomba Twahir aliniita nimletee ndimu. Nikamkuta nyuma ya nyumba na mabwana wawili waliovaa stokingi ndefu, wanafunga mkoba wao. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Dole lake lilikuwa la zambarau. Walipoondoka akaniambia nimsugue, nikamsugua kwa ndimu na majivu hata ngozi ikatoka, na rangi haikutoka. Akalia, Abdu. Mtu mzima yule. Akasema walimwambia wenziwe wote wamekwisha kutia, amebaki yeye tu, atatolewa bila kitu. Akaniapisha nisiseme."

Nikamwuliza kwa nini basi aliliimba.

"Nilikuwa nimelishika miaka tisa. Siku ile ya ngoma nikaona ndipo mahali pekee nitakapolisema na asiniamini mtu. Nilitaka litoke tu. Yeye alielewa. Unadhani alinivika kofia kwa sababu ya kucheka?"

Kisha akasema, "Siwezi kuapa kwamba ni uongo. Nilimsugua mimi, kwa mikono hii."

Hasina, mimi nilimjibu, "Ungalikufa nalo."

Nikakunja karatasi yangu nikaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia dada yangu. Tarehe 19 alifariki. Uliuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nyumbani kwangu, nyumba sita kutoka kwake, nikinakili kiapo upya kwa sababu nakala ya kwanza ilikuwa na wino uliochuruzika.

Kampuni ilikataa azikwe Mwandimu. Sikuweza kuwaambia watu wa kikundi waje tukaiombe pamoja langoni, kwa sababu nilijua wangapi wangekuja. Suleiman alikuja mazishini, na Jemima, na wanawake wawili waliokaa mbali na wenzao. Sasa wanawake wote wanaleta sahani za chakula kwa Asiya, na wanalia kwa sauti. Sijui niwaambie nini, maana mimi ndiye niliyeanza.

Kuhusu lawama unayojitwika: wewe ulishauri, mimi nilipiga muhuri. Jemima alinipa njia ya kutokea na nilimjibu kwa fahari.

Ziko njia mbili, na nitazieleza bila kuegemea.

Ya kwanza ni kiapo kilichoambatishwa. Kinasema kwamba wewe, mrithi wake, uliambiwa na mama yako akiwa hai kwamba ubeti wa kumi na nne ni uongo wa ngoma. Ukikitia sahihi mbele ya afisa wa kiapo huko uliko, Jemima asema ushahidi wa kampuni utakuwa umeanguka, na Kamati itapendekeza Mwandimu irudi. Nyumba arobaini na tatu zimekaa kikao na zimenituma nikuombe utie. Nane kati ya wazee waliohamishwa wangali hai. Mmoja hawezi tena kuketi bila kushikwa. Hawajui aliyonieleza mama yako jikoni. Jemima naye hajui. Sijamwambia yeyote ila wewe.

Ya pili ni kusema kweli: kwamba dole lilitiwa, na kwamba Twahir hakuwa na haki ya kulitia peke yake, kwa sababu ardhi ya ukoo haitolewi bila dada zake na watoto wa dada zake kukubali. Nilimwuliza Jemima kana kwamba ni mfano tu. Akasema hoja hiyo ina nguvu, lakini ni ya mahakama na si ya Kamati; itachukua miaka, mkataba utakuwa umekwisha kuongezwa, na huenda tukashindwa. Na jina la Twahir litaandikwa ndani ya hukumu, pamoja na baiskeli.

Usiniulize mimi ningefanya nini. Nimekwisha kumwita mwongo mara moja mbele ya watu. Nilikuwa na sauti kubwa siku ile, na kila mtu alinisikia.

Kwa ada zetu neno la ukoo hupita kwa mama likaenda kwa mtoto wake, nami ni mjomba tu, mwandishi wenu. Kamati itapokea kiapo hadi tarehe 31 Oktoba 2025, na barua huchukua wiki tatu. Naomba uniandikie uamuzi wako: utatia sahihi, au hutatia?

Mjomba wako,
Abdulwahab Mwatsuma